Kupitia Bomba la Olwen

Jumatatu, 23 Septemba 2019

Mchungaji Eurof anasema mtu mwenye moyo mgonjwa kama wangu aandike ukweli wake mapema, asije akaondoka nao. Basi naanza. Nitaandika hila zangu zote, hata zisizofanikiwa. Hasa hizo. Nyingine sina.

Asubuhi nilikwenda stesheni kama kawaida. Aberceiro, mvua, kondoo wamelala kwenye reli. Kazi yangu siku hizi ni kutoboa tiketi nikiwa nimekaa kitini. Zamani nilikuwa juu ya injini: kwanza nikichochea moto, baadaye nikiendesha. Sasa daktari wa reli amenikataza hata kugusa ngazi yake. Nimekubali. (Sijakubali.)

Ubaoni, tangazo la kamati. Cheti cha boila ya Olwen, injini yangu, kinaisha Jumapili hii. Hakitaongezwa!

Huo ndio utaratibu wa injini za mvuke. Boila hupewa miaka kumi. Ikiisha, moto unazimwa, injini inafunguliwa nati moja moja, nayo inakaa vipande vipande hadi sisi wa kujitolea tupate nguvu na mafundi. Nyingine husubiri hata zaidi ya miaka kumi mingine.

Nikakaa chini. Si kwa huzuni tu. Kwa hofu.

Niandike wazi. Hapa kwetu mtu wa reli akifa anachomwa. Majivu yake yanawekwa kwenye beleshi na kutupwa ndani ya tanuri la injini aliyoipenda, treni ikipanda mlima wa Foel, pale ambapo moshi hutoka kwa nguvu kuliko mahali pengine. Kofia zinavuliwa. Honi inalia. Marehemu anatoka kupitia bomba la moshi na kutawanyika juu ya bonde lake. Goronwy, dereva mwenzangu, alikwenda hivyo. Kidogo chake kilitua kwenye ukosi wa mchungaji, lakini kwa ujumla ilikuwa safari nzuri.

Mimi niliandikishwa kwa Olwen tangu nikiwa kijana mwenye nywele. Daktari anasema labda nitafika Krismasi. Olwen anafika Jumapili. Tunapishana!

Na baada ya Jumapili inabaki injini moja tu ya mvuke: Buddug. Mali ya Dilwyn. Dilwyn Nyama, tunamwita, maana alikuwa na bucha kabla ya kumwachia mwanawe. Nilimfundisha Kilatini shuleni, nilipokuwa mwalimu. Hakufundishika. Huyo Buddug alimtoa kwenye shamba la miwa huko Java, akampaka rangi ya kijani cha chura. Wala hachomi makaa ya mawe. Anachoma mafuta machafu ya kukaangia! Mtu akipitishwa kwa Buddug atatoka ananuka chipsi.

Dilwyn alinikuta pale chini ya ubao. Akaniuliza, "Vipi, Mwalimu, mbona umekaa kama mzigo uliosahauliwa?" Nikasema nasoma. Akasoma na yeye. Kisha akaniambia nisihangaike, kwa Buddug hakuna foleni. Akanipigapiga bega.

Vitisho!

Jumanne, 24 Septemba

Hila ya kwanza: kuwahi.

Nilikwenda kwa Dakta Beddoe, anayenitibu moyo. Nikamweleza kwa upole kwamba Krismasi hainifai. Nikamuuliza kama, kwa uzoefu wake, kuna uwezekano wowote wa keshokutwa. Ijumaa itakuwa nimechelewa, kwa sababu watu wa kuchoma maiti nao wanahitaji muda wao. Akaacha kuandika. Nikamhakikishia kwamba sina nia ya kufanya lolote kwa mkono wangu, mimi ni mzee wa kanisa. Naulizia ratiba tu. Kama abiria.

Akasema mambo hayo hayaendi hivyo. Akataka kujua kama nakula. Kama nalala. Kama naishi peke yangu. Akauliza ni nani aliye karibu nami. Nikamtaja Heulwen, katibu wetu wa reli, mwenye zamu zote, funguo zote na chumba cha chai. Akaandika jina lake. Kwa nini? Sielewi. Heulwen hana ugonjwa wowote.

Alasiri Heulwen akabisha hodi. Hakuwa amefika kwangu tangu tumzike mumewe. Amebeba sufuria ya cawl, supu yetu ya nyama ya kondoo na liki, na macho yamemlegea. Akanishika mkono. Akasema nimpigie simu wakati wowote, hata kama ni kwa neno moja tu. Akasema bado kuna mengi mazuri mbele yetu. *Yetu*, alisema. Akazungukazunguka jikoni akifungua droo. Akaenda.

Baadaye nikagundua wembe wangu haupo. Na mkasi. Na kisu cha mkate.

Nimewaza sana juu ya jambo hili. Wapo wanawake ambao huchukua kitu cha mwanamume wanayempenda ili wabaki nacho. Leso, kwa mfano. Lakini kisu cha mkate?

Cawl ilikuwa nzuri. Chumvi imezidi kidogo. Mapenzi hayo.

Jumatano, 25 Septemba

Hila ya pili: kuongeza cheti.

Nilisikia chumba cha chai wakisema leo anakuja mkaguzi. Nikajua ni wa boila. Nikavaa tai. Nikamngojea getini na mkate mzima wa bara brith, ule wetu wa zabibu zilizolowekwa kwenye chai. Akaja mtu mrefu, buti za matope, tochi kubwa shingoni. Akauliza banda la injini liko wapi. Nikampeleka mwenyewe, nikipumzika kila palipo na kitu cha kuegemea.

Njiani nikamlisha na kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Nikamwambia asiwasikilize wanaosema kila kitu mle bandani kimekufa. Mle mmejaa uhai! Akasimama. Akauliza uhai kiasi gani. Nikasema jioni, kukiwa kimya, unausikia kabisa. Nilimaanisha Olwen, jinsi chuma chake kinavyolia kinapopoa. Yule bwana akaacha kutafuna.

Tulipoingia akamulika tochi juu, kwenye mbao za paa. Hakumtazama Olwen hata mara moja. Nikadhani huyu kweli ni bingwa. Anaanza na mazingira.

Akaandika muda mrefu. Mwishowe akatangaza, uso umejaa furaha, kwamba humu ndani ni marufuku kuvunja wala kufungua chochote kwa miaka na miaka. Nikamkumbatia. Nikalia kidogo. Naye akasema hajawahi kukutana na mzee mwenye kujali namna hii.

Nikaenda chumba cha chai kwa mwendo ambao daktari asingeupenda. Nikatangaza: Olwen amepona! Ceinwen akauliza nani kasema. (Ceinwen ni daktari wa meno siku za kazi, mchochea moto siku za treni. Ceinwen Meno.) Nikaeleza yote: tochi, paa, machozi. Heulwen akaweka birika chini. Akasema mkaguzi wa boila atakuja Jumapili jioni, kufunga tu. Huyu wa leo katoka halmashauri.

Ni mtu wa popo.

Popo! Wanalala kwenye paa letu, wa aina adimu, na sheria inawalinda. Sasa wameandikwa rasmi. Kuanzia leo hakuna kuwasha moto ndani ya banda, moshi unawasumbua. Olwen yuko ndani ya banda. Bila moto hatoki. Bila kutoka hakuna safari ya mwisho Jumapili.

Dilwyn akakaa, akainuka, akakaa tena. Akasema, "Mwalimu! Popo hao sisi sote tunawajua tangu tunavaa kaptula. Sote tumenyamaza. Wewe umewaletea mgeni, na mkate juu!" Nikamjibu kwa Kilatini. Hakuelewa. Kusema kweli, nami sikuwa na uhakika nimesema nini.

Alhamisi, 26 Septemba

Hila ya tatu. Nadhani hii ni ya kipaji.

Ilinijia nikiwa bafuni. Nani kasema ni lazima niende wote kwa pamoja? Na nani kasema ni lazima niwe nimekufa?

Kanuni za chama chetu niliziandika mimi mwenyewe. Nimezisoma upya kwa miwani miwili. Zinasema mabaki ya mwanachama yataingizwa kwenye tanuri la injini aliyoichagua, kwa heshima, siku ya kazi. Kifo hakikutajwa popote! Sikukitaja kwa sababu nilidhani kinajieleza. Uzembe huo leo ni wokovu wangu.

Na mabaki ninayo. Juu ya meko yangu kuna chupa yenye mawe ya nyongo niliyotolewa hospitalini. Saba, makubwa, nimeyatunza vizuri. Kuna nywele. Kuna kucha. Jumapili vitangulie hivyo, mimi nitafuata.

Kamati ilikaa mchana. Nikasimama, nikaeleza kwa ufasaha, kitako kikiuma. Walivyonitazama! Mmoja akauliza kama kucha zina haki ya kupigiwa honi. Nikasema kanuni haibagui. Dilwyn akapinga mara moja, kama nilivyotarajia. Akasema mawe hayaungui. Akasema yeye ndiye dereva Jumapili, kama kutakuwa na Jumapili, na hatavulia kofia nyongo ya mtu anayemtazama akiwa hai. "Tena Mwalimu, utakuwa pale pale unanikosoa ninavyopiga honi!"

Kweli kabisa. Huwa anaikata mapema.

Heulwen akamwinamia, akamnong'oneza. Sikusikia. Dilwyn akanitazama. Rangi ikamtoka. Akatazama mikono yake. Kisha akasema haya, sawa, ataendesha, na kofia atavua, na honi ataipiga hadi nitosheke. Mtu akakumbusha habari ya popo na moto. Dilwyn akasema hilo aachiwe yeye.

Kwa nini? Anapata nini? Dilwyn hajawahi kukubaliana nami tangu nilipomfundisha vitenzi. Heulwen naye alikuwa anajifuta machozi, akisema ni dalili njema, mtu kupanga mambo ya Jumapili. Dalili ya nini?

Nimeshinda, na sielewi chochote.

Ijumaa, 27 Septemba

Kukusanya mabaki. Kazi ngumu kuliko inavyoonekana.

Mawe: tayari.

Kucha: mkasi umechukuliwa kwa mapenzi. Nikatumia koleo la fundi. Sitarudia.

Nywele: nilikwenda kwa kinyozi. Kichwani akapata chache sana, masikioni nyingi. Akanihurumia, akafagia sakafu yote na kunipa mfuko umejaa. Nikafika nyumbani nikaona humo nyekundu na za kupindapinda. Si zangu! Nikarudisha. Siwezi kupita bomba moja na watu nisiowajua.

Nilipovijumlisha, vikawa kiasi cha kujaza nusu ya bati la haradali. Maisha yangu yote. Nikaona niongeze jino.

Nikamwendea Ceinwen kwenye kliniki yake. Akanichungulia kinywani, akasema hili ni zima, ndilo zuri kuliko yote. Nikasema ndiyo maana nimelichagua. Akasema maadili ya kazi hayamruhusu. Nikasema Jumapili utanitupa motoni kwa beleshi na leo unazungumza maadili! Mgonjwa aliyekuwa anangoja mlangoni akaondoka.

Nyumbani nikakuta Heulwen ameniachia keki za kuoka kwenye bamba, za juzi nadhani. Nikauma moja. Jino likatoka lenyewe. Si lile zuri. Haidhuru.

Jioni simu inaita mara kwa mara. Heulwen, akiuliza naendeleaje. Nikipokea namwambia niko katikati ya kufunga vitu vyangu kwenye bati. Anashusha pumzi. Mara Dilwyn naye anapiga, akitaka kujua nimekula nini. Nikamwambia jino. Akakata simu.

Kisha akaja mlangoni na soseji.

Jumamosi, 28 Septemba

Siku ya aibu. Olwen ametolewa bandani akivutwa na Buddug!

Nieleze. Buddug analala nje chini ya turubai, kwa hiyo sheria ya popo haimgusi. Dilwyn alikuja alfajiri, mvua inamwagika, akamwasha peke yake pale uwanjani. Nilipofika alikuwa amelowa hadi soksi. Akafunga mnyororo. Akamvuta Olwen taratibu, kama mtu anayemtoa mgonjwa kitandani, hadi kwenye njia ya pembeni ambako kesho atawashwa hadharani.

Taratibu namna ile ili sote tuone vizuri! Nilielewa. Ni gwaride la ushindi. Olwen wangu, anakokotwa na jiko la chipsi!

Nikageuza uso. Dilwyn akaja, akinidondoshea maji, akauliza kama nimeridhika. Nikamwambia mnyororo umelegea upande mmoja. Akaenda kuukaza. Aliporudi akauliza tena. Nikamwambia Buddug anavuja. Akasema anajua, amekuwa akivuja tangu Java. Akaniletea kiti. Akafungua mwavuli na kunishikilia juu ya kichwa, yeye akibaki kwenye mvua.

Anataka nini huyu mtu?

Ceinwen aliingia chini ya Olwen kumpaka grisi, akatoka mweusi kama chungu. Heulwen akatugawia chai. Akamwambia Dilwyn kwa sauti ya chini kwamba nina rangi nzuri leo. Wananitazama usoni kama watu wanaotazama kipimo cha mvuke. Nikajaribu kuonekana wa kawaida. Ikazidi kuwatia wasiwasi.

Jumapili, 29 Septemba

Imefanyika. Naandika kabla sijasahau mpangilio, maana tayari umeanza kunichanganya.

Mvua ilikatika. Olwen aliwashwa nje, kuni kwanza, kisha makaa ya mawe. Moshi ukasimama wima. Watu walijaa jukwaani kutoka mabonde yote. Alikuwa mzuri hadi nilikosa la kukosoa. Nikakosoa kofia ya Dilwyn.

Nikamkabidhi Ceinwen bati. Akalipokea kwa mikono miwili. Mimi nikakaa behewa la kwanza, dirishani. Safari ikaanza vizuri.

Chini ya mlima wa Foel treni ikasimama. Hili halikuwa kwenye mpango! Dilwyn akashuka, akasimama kwenye nyasi mbele ya mabehewa, kofia mkononi. Akasema tuko hapa kwa ajili ya Mwalimu Meurig Parri. Akasema Kilatini alichofundishwa kimeyeyuka chote. Lakini baba yake alipofariki, yeye akiwa mvulana ambaye hazungumzi na mtu, Mwalimu alimchukua kila Jumamosi hadi bandani, akamtia beleshi mkononi, akamwambia achochee, asiseme kitu kama hataki. Akasema kila alichofanya vizuri maishani alikianza siku hizo, na Buddug alimnunua ili Mwalimu asije akakosa injini ya kugombana nayo. Akapenga kamasi.

Mimi silikumbuki jambo hilo. Nadhani ananichanganya na mtu mwingine.

Mtalii mmoja aliyeketi mbele yangu akamuuliza Heulwen nani amefariki. Heulwen akanyoosha kidole kwangu. Mtalii akanitazama, akamtazama Heulwen, akanipa mkono. Akasema pole sana. Nikamwambia asante, alikuwa mtu mzuri.

Tukaanza kupanda. Kwaya ya kanisa, iliyokuwa behewa la tatu, ikaimba sauti zote nne. Ceinwen akafungua mlango wa tanuri. Nikaona mwanga mwekundu mgongoni mwake. Beleshi likaingia. Kofia zikavuliwa behewa lote, hata ya yule mtalii. Honi ikalia.

Ilipolia hivyo nilitaka kuinuka. Sijui kwenda wapi. Nikatoa kichwa nje, nikatazama juu ya bomba. Moshi mweupe, mweupe, kisha kidogo mweusi. Ule mweusi nadhani ni mimi. Ukapita juu ya malisho ya kondoo, ukaelekea upande wa shule ya zamani, ukaisha.

Honi haikukatwa mapema. Ilichelewa, hata. Nimemwambia.

Jioni mkaguzi wa boila akaja, wa kweli. Akapeana mikono na kila mtu. Ceinwen akakokota moto wote ukaangukia shimoni chini ya Olwen. Tukasimama tukisikiliza anavyopoa. Dilwyn alikuwa karibu yangu, macho mekundu. Masizi. Siku zote nimemwambia avae miwani.

Jumatatu, 30 Septemba

Msiba!

Dilwyn amekuja asubuhi, amevaa ovaroli, mkononi kifurushi cha gazeti. Amekuwa shimoni akizoa majivu ya Olwen. Akaweka kifurushi mezani. Akasema, "Mwalimu, Olwen amekula nywele. Haya mengine kayarudisha."

Mawe yangu. Saba. Meusi, lakini hayajapungua hata moja. Na jino.

Nimemfundisha mtu huyu kwamba tanuri la injini linayeyusha kila kitu. Na Alhamisi alisema hayaungui! Mbele ya kamati! Kumbukumbu zimeandikwa. Sijapata kudhalilishwa hivi.

Nikauliza kuhusu majivu mengine. Akasema yamekwenda kunakokwenda majivu yote ya shimoni: yametandazwa kwenye njia ya kwenda vyooni, watu wasiteleze. Kwa hiyo huko ndiko niliko sasa. Kucha zangu kwa uchache.

Hapo Dilwyn akaketi bila kukaribishwa. Akasema amefikiri. Majira haya ya baridi atatoa vifaa vya mafuta kwa Buddug na kumtengenezea tanuri la makaa ya mawe, kama Olwen. Kazi kubwa, lakini anaiweza. Ili sehemu yangu iliyobaki, ile kubwa, isije ikatoka inanuka chipsi. (Amejuaje? Nimewahi kuyasema hayo kwa sauti?) Akasema nisiwe na haraka, hata kidogo. Achukue muda, nami nichukue muda. Akaniomba nije nisimamie, nikae kitini nimwonyeshe anakokosea. Akasema hiyo ingemfurahisha kuliko kitu chochote.

Nilimtazama vizuri. Sasa nimeelewa kila kitu: mwavuli, soseji, hotuba. Anataka kujitapa! Anataka bonde zima lione Mwalimu Parri, mtu wa Olwen, akipita kwenye bomba la chura! Nikamwambia kwa adabu kwamba nitafikiria. Akafurahi kama mtoto. Akaosha vyombo vyangu kabla ya kuondoka.

Alasiri Heulwen akaja kurudisha wembe, mkasi na kisu cha mkate. Akasema sasa anaona nimekaa sawa. Nimejua maana yake. Yameisha baina yetu. Sikumuuliza sababu, nisimwongezee maumivu.

Alhamisi, 3 Oktoba

Mchungaji Eurof alikuja kunisikiliza. Nikamsomea haya yote, tangu mwanzo. Mahali pa hotuba ya Dilwyn alitoa leso. Nilipomaliza akauliza nimejifunza nini katika juma hili. Nikafikiri kwa dhati, maana mtu katika hali yangu hana sababu ya kudanganya. Nikamjibu: kuchagua injini ambayo cheti chake bado kipya.

Akafumba macho. Nadhani alikuwa anaomba.

Dakta Beddoe naye alipita. Kanisikiliza kifua mara mbili. Anasema moyo umetulia, hajui kwa nini, labda nitauona mwaka mpya na zaidi. Hapa ndipo mambo yanapokaa sawa. Maana katika bonde la pili, kule Nant Llwyfen, wana reli yao, na wana injini iitwayo Angharad. Karakana ile ile iliyomtoa Olwen, bomba lile lile, makaa ya mawe safi. Boila yake imepewa cheti mwezi uliopita. Miaka kumi kamili mbele yake!

Nimewapigia simu leo. Wanapokea wanachama wapya. Anayeanza hupewa tambara na kufuta masizi, na akishafuta vya kutosha anaruhusiwa kuandikisha mabaki. Sauti ya yule kijana ilitetereka nilipomtajia umri. Nikamwambia mimi ni mwanafunzi mwepesi. Nimeitwa kwa mahojiano Jumamosi.

Linabaki jambo moja, usafiri. Barabara ya mlimani ni mbovu, imejaa kona, na macho yangu hayafai tena. Nitamwomba Dilwyn anipeleke kwa gari lake la nyama. Ni yeye peke yake ninayemwamini kwenye kona zile, na najua atakuja mapema, na blanketi, na chai kwenye chupa. Sitamwambia tunakwenda kufanya nini.

Hatashuku kitu. Ananichukia mno.